Joto la Prosesa Laptopu Ikiwa Imetulia: Mwongozo Kamili wa Kulipima, Kulisoma na Kulishusha

Swali hurudi kila mara kwa sura ileile: "Laptopu yangu haifanyi chochote lakini prosesa ina nyuzi 55. Je, inaungua?" Anayeuliza huwa ameangalia namba moja kwa sekunde chache, amesikia feni ikivuma, na pengine bisibisi iko tayari mkononi. Wengi hufungua laptopu isiyo na tatizo, kisha huifunga ikiwa na tatizo jipya.

Namba moja haitoshi kukuambia kama mashine ni nzima. Unahitaji tatu: joto la prosesa (CPU, chipu kuu ya kompyuta), joto la chumba, na wati ambazo prosesa inakula wakati huo. Ukizipata zote tatu kwa utaratibu, utajua kama uiache mashine ilivyo, uwinde programu inayofanya kazi kichinichini, au ufungue mfuniko. Joto lote lililotajwa humu ni kwa nyuzi za Selsiasi.

## Vinavyohitajika

Kwa kupima:

- Kipimajoto cha chumba. Hata kile kidogo cha saa ya mezani kinatosha.
- Meza ngumu iliyo tambarare.
- Chaja ya laptopu yenyewe.
- Programu ya kusoma vihisi vya joto. Kwa Windows tumia HWiNFO. Kwa Linux, lm-sensors na turbostat. Kwa Mac yenye prosesa ya Intel, amri ya powermetrics iliyomo tayari.
- Karatasi na kalamu, na dakika 40 zisizo na haraka.

Kwa kufungua mashine, na usivitafute kabla ya kufika hatua ya 7: bisibisi inayolingana na skrubu zako, kijiti cha plastiki cha kubandulia mfuniko, kopo la hewa ya kupuliza, kijiti cha meno cha mbao, spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichoacha nyuzi, na pesti ya joto, yaani ile krimu ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na bamba la shaba.

## Hatua ya 1: Weka mazingira sawa

Laptopu haina friji ndani yake. Shaba na feni hupeleka joto la prosesa kwenye hewa ya chumba, basi. Haziwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo, na chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 8 ingawa hakuna kilichoharibika.

Chukua mashine moja. Asubuhi chumba kina nyuzi 24 na prosesa inasoma 42. Alasiri chumba kina 32 na prosesa inasoma 50. Mwenye mashine atasema imeanza kuchemka. Toa hesabu: 42 toa 24 ni 18, 50 toa 32 ni 18. Upozaji wake haujabadilika hata kidogo. Hiyo tofauti kati ya prosesa na chumba ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi yako.

Weka laptopu mezani, mbali na jua la dirishani na mbali na feni ya chumba inayopuliza moja kwa moja. Kitanda, kochi na mapajani havifai kwa kipimo. Laptopu nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini, na kitambaa huyaziba. Weka kipimajoto cha chumba kama nusu mita kutoka kwenye mashine, upande ambao hewa ya moto haitokei, maana kikikaa kwenye njia ya hewa hiyo kitakudanganya.

Amua pia juu ya chaja, na usibadilishe katikati. Njia iliyo safi zaidi ni kuchomeka chaja betri ikiwa imeshajaa. Betri inayochajiwa hutoa joto lake, saketi ya kuchaji hutoa lake, na yote hukaa ndani ya kasha moja na prosesa. Ukipima betri ikiwa asilimia 30 inapanda, unapima mambo matatu kwa pamoja.

Umefanikiwa ukiwa na: joto la chumba limeandikwa, mashine iko kwenye meza ngumu, chaja imechomekwa na betri imejaa.

## Hatua ya 2: Chagua kihisi sahihi

Task Manager ya Windows haionyeshi joto la prosesa. Nyuzi unazoziona pale ni za kadi ya picha. Fungua HWiNFO, chagua sehemu ya vihisi pekee, kisha tafuta mistari hii:

- Kwa Intel: CPU Package chini ya kundi la joto, na CPU Package Power chini ya wati.
- Kwa AMD: Tctl/Tdie kwa joto, na CPU Package Power kwa wati.

Kwenye Linux, baada ya kuweka lm-sensors endesha `sudo sensors-detect` mara moja, kisha `sensors`. Intel utaiona chini ya coretemp, AMD chini ya k10temp. Kwa Intel, ukitaka joto na wati kwa pamoja:

`sudo turbostat --quiet --interval 5`

Safu za PkgTmp na PkgWatt ndizo zako.

Kwenye Mac ya Intel, `sudo powermetrics --samplers smc` hutoa joto la prosesa. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple yenyewe, amri hiyo haitoi nyuzi. Tumia `--samplers thermal`, ambayo husema tu kama mfumo uko chini ya shinikizo la joto au la.

Tahadhari tatu hapa, kwa sababu ndizo zinazopoteza watu wengi.

Kwanza, angalia kipimo kisiwe cha Farenhaiti. Nyuzi 115 za Farenhaiti ni 46 za Selsiasi. Watu wamefungua laptopu kwa kosa hili peke yake.

Pili, usisome kihisi usichokijua. Ubao mama una vihisi vingi, na programu nyingine huonyesha hata vile visivyounganishwa popote. Mstari unaoganda kwenye 0, 127 au 128 bila kusogea hauna maana, upite.

Tatu, usiteseke na tofauti ndogo kati ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake. Kihisi cha ndani ya prosesa kimetengenezwa ili kiwe sahihi karibu na mpaka wa juu, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kulinda chipu. Huku chini, mashine ikiwa imetulia, kinaweza kukosea nyuzi kadhaa. Kiini kimoja kusoma 41 na jirani yake 45 ni jambo la kawaida kabisa.

## Hatua ya 3: Itulize mashine kikwelikweli

Hapa ndipo wengi hushindwa. "Haifanyi chochote" kwa macho ya mtu maana yake hakuna dirisha lililofunguka. Kwa prosesa mambo ni tofauti.

Baada ya kuwashwa, Windows hutumia dakika kadhaa kutafuta masasisho, kupanga faharasa ya mafaili na kukagua virusi. Ukipima dakika ya pili, unapima hizo kazi.

Fanya hivi:

1. Washa upya mashine, ingia, kisha usiguse chochote kwa dakika 15.
2. Funga kivinjari kabisa. Vivinjari vingine hubaki vikifanya kazi nyuma hata dirisha likifungwa, hivyo angalia ikoni karibu na saa.
3. Simamisha programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, za mazungumzo, na vizindua vya michezo.
4. Chomoa skrini ya nje, diski za nje na vifaa vya USB usivyovihitaji.
5. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, panga orodha kwa safu ya CPU, subiri sekunde 30. Task Manager yenyewe hula kidogo inapofunguka, kwa hiyo namba za mwanzo zipuuze.

Skrini ya nje inastahili neno la ziada. Kwenye laptopu nyingi zenye kadi ya picha ya pekee, tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi hiyo. Ukichomeka skrini, kadi haiwezi tena kulala. Na kwa kuwa kadi na prosesa mara nyingi hugawana mabomba yaleyale ya shaba (yana majimaji kidogo ndani ya kubeba joto), joto la moja huvuka kwa nyingine. Prosesa haikufanya kosa lolote. Inapashwa na jirani yake.

Umefanikiwa ukiona: matumizi ya prosesa yamekaa chini ya asilimia 3 hadi 5, na hakuna jina linalorudi juu ya orodha kila baada ya sekunde chache.

## Hatua ya 4: Chukua kipimo cha dakika 15

Kwenye HWiNFO bonyeza kitufe cha saa kilicho chini ili kufuta kumbukumbu za zamani. Sasa safu za cha chini kabisa, cha juu kabisa na wastani zinaanza upya. Ondoa mkono kwenye kipanya na kibodi. Subiri dakika 15.

Kwa nini muda wote huo? Chipu yenyewe hupoa kwa sekunde, lakini shaba, ubao na kasha hushikilia joto kwa dakika nyingi. Usomaji wa dakika ya tatu bado umebeba mabaki ya kazi ya mwanzo.

Hakikisha skrini haizimi na mashine haisinzii katikati. Na usiifanye programu isome vihisi kila sehemu ya sekunde ili upate usahihi zaidi: kila usomaji huamsha prosesa. HWiNFO husoma kila sekunde 2, na hapo panatosha.

Mwishoni andika namba nne: wastani wa joto, joto la juu kabisa, wastani wa wati, na joto la chumba.

## Hatua ya 5: Soma namba zako

Chukua wastani, toa joto la chumba. Linganisha na aina ya laptopu yako:

- Laptopu nyembamba, prosesa ya daraja la wati 15 (wati ilizosanifiwa kula kwenye kazi endelevu): nyuzi 10 hadi 20 juu ya chumba, kwa wati 1 hadi 4. Katika chumba cha 25, hiyo ni 35 hadi 45.
- Laptopu ya michezo au kazi nzito, daraja la wati 45: nyuzi 15 hadi 25 juu ya chumba, kwa wati 4 hadi 12. Katika chumba cha 25, ni 40 hadi 50.
- Zenye prosesa kubwa za HX (herufi hizo huwa mwishoni mwa jina la prosesa), zilizotokana na chipu za kompyuta za mezani: wati 10 hadi 20 zikiwa zimetulia si ajabu, na nyuzi 30 juu ya chumba zinavumilika.

Hivi ni vipimo vya kukuongoza, usivichukue kama sheria. Ukiwa umezidi kwa nyuzi 3, huna tatizo.

Kisha kuna feni. Laptopu nyingi za sasa huizima kabisa feni mashine ikitulia, na huiwasha prosesa inapofika kiwango fulani, mara nyingi kwenye nyuzi hamsini na kitu. Mashine ya namna hiyo itakaa 48 au 52 kimya kimya, na mtengenezaji alikusudia hivyo: amechagua utulivu wa sauti kuliko nyuzi chache. Laptopu ya jirani yako inayosoma 39 huenda feni yake inazunguka muda wote. Huwezi kulinganisha mbili hizo kwa joto peke yake.

### Miruko ya ghafla

Wastani ni 43, lakini cha juu kabisa ni 68. Hili ndilo linalotisha watu kuliko yote, na ndilo lenye maelezo mepesi.

Kazi ndogo inapokuja, hata kufungua menyu tu, prosesa hukirusha kiini kimoja hadi mwendo wa turbo (kasi ya juu ya muda mfupi), pengine gigahezi 4 na zaidi, ili imalize upesi na irudi kulala. Umeme mwingi unapita kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Eneo hilo hupanda nyuzi 10 hadi 25 ndani ya sekunde, na hushuka vivyo hivyo kabla shaba haijahisi kitu. Kihisi kinaripoti pale palipo na moto zaidi, hivyo unaona mruko.

Mruko unaopanda na kushuka ndani ya sekunde mbili tatu ni afya. Mruko unaopanda ukakaa juu kwa nusu dakika ni kazi halisi, na hiyo tutaifuata hatua ya 6.

### Je, nyuzi 55 zinaua prosesa?

Hapana. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina mpaka wa nyuzi 100. Za AMD Ryzen huwa kati ya 95 na 105 kutegemea kizazi. Ikikaribia mpaka, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Ikiupita kwa mbali, mashine hujizima. Kwenye 55 uko mbali sana na huko.

Sababu nzuri ya kujali joto la utulivu ni nyingine. Betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zikikaa kwenye joto, na betri iko sentimita chache tu kutoka hapo. Tena, joto lisiloeleweka mashine ikiwa imetulia ni dalili kwamba kuna umeme unaopotea au njia ya hewa inayoziba.

## Hatua ya 6: Acha wati zikuambie tatizo liko wapi

Tofauti yako na chumba imezidi 30 (kwa HX, imezidi 35)? Kabla ya kugusa skrubu, tazama safu ya wati.

Joto juu, wati juu: upozaji wako huenda ni mzima. Prosesa inafanya kazi usiyoijua. Endelea na hatua hii.

Joto juu, wati chini: prosesa haitoi joto jingi, ila hilo dogo halitoki. Ruka hadi hatua ya 7.

Sijui kipimo kingine kinachookoa muda kama hiki. Prosesa ya daraja la wati 15 inayokula wati 9 mashine ikiwa imetulia haitaponywa na pesti mpya, hata ya daraja la juu namna gani.

### Kutafuta kazi iliyojificha

Kwenye Task Manager utakutana na majina yaleyale. MsMpEng.exe ni kinga ya virusi ya Windows ikikagua. TiWorker.exe ni masasisho yakisakinishwa. SearchIndexer.exe inapanga faharasa. Zote tatu ni halali, ziache zimalize. Ukizikuta bado ziko juu saa nzima baadaye, kagua kama kuna sasisho lililokwama, au folda kubwa inayobadilika muda wote na kulazimisha ukaguzi urudie.

Programu usiyoitambua inayokula asilimia kubwa, na inayotoweka mara unapofungua Task Manager kisha kurudi ukiifunga, itilie shaka. Baadhi ya programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa siri hujificha hivyo. Acha HWiNFO ikirekodi huku Task Manager imefungwa, kisha fanya ukaguzi kamili wa virusi.

Ikiwa orodha ni tulivu lakini wati bado ziko juu, kagua mpangilio wa umeme. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike:

`powercfg /qh SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMIN`

Tazama thamani ya umeme wa chaja. 0x00000005 ni asilimia 5, ni sawa. 0x00000064 ni asilimia 100, maana yake umeagiza prosesa isishuke mwendo kamwe. Hali ya utendaji wa juu, au programu ya mtengenezaji iliyoachwa kwenye hali ya michezo, huleta hilo. Rudisha kwenye hali ya wastani.

Bado? Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /energy`, na uache mashine kwa sekunde 60. Itatengeneza ripoti iitwayo energy-report.html. Soma mistari myekundu: mara nyingi utakuta kifaa cha USB kinachokataa kulala, au programu iliyoomba saa ya mfumo ipige haraka kuliko kawaida na hivyo kuinyima prosesa usingizi mzito. Kwenye Linux kazi hii hufanywa na `sudo powertop`.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuweka mwendo wa juu wa prosesa kwenye asilimia 99. Huzima turbo, na miruko hupotea. Lakini wati za mashine iliyotulia hazibadiliki kwa maana, na umeuza kasi yako ili namba ipendeze macho. Usifanye hivyo kama tiba.

Umefanikiwa ukiona: wati zimerudi kwenye kiwango cha hatua ya 5, na joto limezifuata ndani ya dakika 10.

## Hatua ya 7: Wati ziko chini, joto liko juu

### Anza bila kufungua

Inua nyuma ya laptopu kwa sentimita 2 hadi 3, hata kwa vitabu viwili visivyoziba matundu. Subiri dakika 10. Ikishuka kwa nyuzi 4 au zaidi, njia ya hewa ya chini ndiyo iliyokuwa inabana.

Kisha isikilize feni. Ipe mashine kazi nzito ya dakika moja na uweke kiganja kwenye tundu la hewa. Hewa kali na ya moto ni ishara njema. Sauti kubwa na hewa hafifu ni vumbi. Kimya huku prosesa ikipita 80, feni imekufa au waya wake umechomoka.

### Usilaumu pesti haraka

Hapa kuna hesabu ambayo ingeokoa mashine nyingi. Tuseme pesti imechakaa na sasa inaongeza nusu nyuzi kwa kila wati inayopita. Mashine ikiwa imetulia kwa wati 3, hiyo ni nyuzi moja na nusu; hutaiona. Mashine ikifanya kazi kwa wati 45, ni nyuzi 22 na nusu; utaiona vizuri sana.

Kwa hiyo pesti mbaya hujionyesha mashine ikifanya kazi, na mara chache sana ikiwa imetulia. Ipime hivyo: endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, kwa dakika 10, au kwenye Linux `stress-ng --cpu 0 --timeout 600s`, ukitazama namna joto linavyopanda.

- Likigonga mpaka ndani ya sekunde mbili tatu, au viini vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 15, mgusano kati ya chipu na bamba ni mbaya: pesti, skrubu iliyolegea, au bamba lililoinama.
- Likipanda taratibu kwa dakika kadhaa hadi juu, mgusano ni mzuri lakini hewa haitoi joto nje: vumbi au feni.

Laptopu ya michezo kufika mpaka chini ya mzigo wote, kwa muda, bado yaweza kuwa ilivyokusudiwa. Kinachotafutwa ni umbo la kupanda.

### Kusafisha vumbi

1. Zima mashine kabisa. Kwenye Windows shikilia Shift unapobonyeza zima, vinginevyo huenda ikalala tu.
2. Chomoa chaja. Ondoa skrubu na uzipange juu ya mchoro wa mfuniko uliochora kwenye karatasi, kila moja mahali pake. Urefu hutofautiana, na skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa ubao. Angalia pia chini ya miguu ya mpira.
3. Bandua mfuniko kwa kijiti cha plastiki kuzunguka kingo. Ukikuta betri imevimba, acha hapo hapo. Usiibonyeze wala kuidunga, mpelekee fundi.
4. Chomoa waya wa betri kwenye ubao, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.
5. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno. Ukiyaacha yazunguke kwa hewa ya kopo, yanapita mwendo wake, huumiza beringi, na feni hugeuka kuwa jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye ubao.
6. Shika kopo wima na upulize kwa mikupuo ya sekunde moja, kutoka upande hewa inakotokea kuelekea kwenye feni.

Mahali pa kutazama kwa makini ni pale feni inapokutana na mapezi ya shaba, yale mabamba membamba yanayotoa joto kwenye hewa. Vumbi hapo hujisokota na nyuzi za nguo likawa kama kipande cha blanketi, na huzuia hewa kuliko vumbi lote unaloliona kwingine. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje bila kufungua hakufai sana: hulisukuma blanketi hilo bila kulitoa. Litoe kwa kibanio. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Hutengeneza umeme tuli.

### Kubadilisha pesti

Fanya hivi endapo tu kipimo cha mgusano kimekuelekeza huku.

Skrubu za bamba la shaba mara nyingi zina namba 1 hadi 4. Zilegeze kwa kurudi nyuma, robo mzunguko kila moja, 4, 3, 2, 1, mpaka zote ziwe huru. Bamba likigoma usilivute kwa nguvu. Lizungushe kidogo kushoto na kulia.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti hadi chipu ing'ae. Chipu ya laptopu huwa tupu, haina kofia ya chuma juu yake kama nyingi za mezani, hivyo kona zake humeguka kwa shinikizo la upande mmoja, na pesti lazima ifunike uso wote. Kwa chipu ndogo, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kwa ndefu, mstari mwembamba kwa urefu wake. Pesti nyepesi mno husukumwa nje kwa kupanda na kushuka kwa joto baada ya miezi, basi chagua nzito. Filamu inayowekwa badala ya pesti, kama PTM7950 ya Honeywell, inayolainika kwenye nyuzi 45 hivi, hukaa muda mrefu zaidi.

Epuka metali ya majimaji inayouzwa badala ya pesti. Ina galiamu, ambayo hula alumini, na tone moja likidondokea kwenye saketi ndiyo mwisho wa ubao.

Vipande laini vya kupitishia joto vilivyo juu ya kumbukumbu ya kadi ya picha na vidhibiti vya umeme viache kama ni vizima. Kimoja kikichanika, pima unene wake na uweke unaolingana: cha milimita 1 badala ya 0.5 huliinua bamba zima, nalo lisiguse prosesa tena. Usijaze pesti mahali pake.

Rudisha bamba likishuka wima, kaza 1, 2, 3, 4 kwa nusu mzunguko kwa zamu mpaka zikatae. Chomeka waya wa feni, kisha waya wa betri mwisho.

### Ikiwa joto limepanda kuliko mwanzo

Hutokea, na sababu ni chache. Waya wa feni haujaingia. Skrubu moja haijakazwa. Kipande laini ni kinene. Karatasi ya plastiki ya filamu au ya kipande laini haijabanduliwa. Zikague kwa mpangilio huo, maana mbili za kwanza hazihitaji pesti nyingine.

## Hatua ya 8: Pima tena kama ulivyopima mwanzo

Rudia hatua ya 1 hadi ya 4 bila kubadilisha kitu: meza ileile, chaja vilevile, dakika 15. Andika namba nne chini ya zile za mwanzo, na ulinganishe tofauti na chumba pamoja na wati, kamwe si joto tupu. Kama umeweka filamu, ipe kwanza vipindi vichache vya kazi nzito na kupoa ili ilainike na kujisambaza.

Baada ya kusafisha vumbi, tarajia mabadiliko madogo mashine ikiwa imetulia na makubwa ikifanya kazi: feni huchelewa kuwaka, na ikiwaka huzima mapema. Tofauti ikibaki juu ya 30 kwa wati chache, hewa ikitoka vizuri na mgusano ukiwa mzuri, kagua kama kuna sasisho la BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama), kwani mara nyingine ratiba ya feni hurekebishwa humo. Hilo nalo lisipoleta kitu, shika bomba la shaba karibu na mapezi mashine ikiwa chini ya mzigo, mfuniko ukiwa wazi na vidole mbali na ubao. Likiwa vuguvugu tu huku prosesa ikisoma 90, bomba limepasuka na majimaji yake yameisha. Hilo halitengenezwi, hubadilishwa pamoja na bamba lake zima.